Ukitoa Otomatiki, Nani Analipa?

Mtu akiamua kuifanya kazi yake iwe ngumu zaidi, na hakuna aliyemlazimisha, tumpe heshima ama tumwulize kama yuko sawa? Hilo swali nimetembea nalo tangu kaka yangu mkubwa aseme anataka kutoa giaboksi ya otomatiki kwenye Prado yao na kuweka ya gia za mkono. Nasema yao kwa sababu gari ni lake na shemeji. Shika hiyo kwanza.

Tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana kuna watu huizungumzia kama kubadilisha kava za viti. Otomatiki inatoka nzima, pamoja na torki konvata, lile dude la mviringo lililojaa oili ambalo hupokeza nguvu ya injini kwa giaboksi bila klachi. Bati jembamba lililokuwa limelishikilia nyuma ya injini linatoka pia, na mahali pake inafungwa flaiwili nzito. Juu ya flaiwili inakaa klachi. Ndani ya gari inaongezwa pedali ya tatu, na pedali hiyo inataka silinda yake, bomba lake, na silinda nyingine kule chini ya kusukuma klachi. Prado ni 4x4, kwa hivyo transfa kesi lazima iingiane na giaboksi mpya, na propela shafti zipimwe urefu. Halafu kuna waya: taa za rivasi, na kompyuta ya gari, ambayo inaweza kuendelea kusubiri ishara kutoka kwa giaboksi isiyokuwepo tena na kukuwashia taa za onyo kwenye dashibodi. Bahati ya kaka ni kwamba Prado za miaka ya 90 zenye injini ya dizeli ya lita 3 ziliuzwa kwa aina zote mbili. Ukipata moja ya gia za mkono iliyogongwa na kufunguliwa, karibu kila unachohitaji kinatoka humo.

Sababu alizotoa zilikuwa za kawaida. Otomatiki yake ilikuwa imeanza kuteleza: unakanyaga mafuta ukipanda mlima, injini inapiga kelele, gari linabaki nyuma. Kuitengeneza kunahitaji fundi maalum, na fundi wa gia za mkono yuko kila mtaa. Sawa. Lakini alipopewa bei ya otomatiki nyingine iliyotumika, haikuwa mbali na bei ya kuligeuza gari lote. Akakataa. "Nataka kuendesha gari, sitaki gari liniendeshe," akasema. Hapo nikajua hatuongei tena kuhusu pesa.

Usimcheke, ana hoja. Magari mengi tunayoendesha Kenya yalitoka Japan yakiwa yametumika, na sheria inataka yasizidi miaka 8 yanapoingia. Maana yake ni kwamba mambo mengi kuhusu gari lako yaliamuliwa na mtu ambaye hutawahi kumwona, aliyelinunua likiwa jipya kwa barabara za kwao, na huko wanunuzi wengi huchukua otomatiki. Sisi tunakuja nyuma, tunachagua rangi na bei. Kuitoa ile giaboksi ni kusema kwamba huu uamuzi mmoja nitaufanya mwenyewe, hata kama nimechelewa miaka 25.

Kuna mwanafalsafa aliyefundisha Kanada, Bernard Suits, ambaye mwaka wa 1978 alitoa kitabu kiitwacho The Grasshopper. Anauliza mchezo ni nini, na jibu lake kwa kifupi ni hili: kucheza ni kukubali kwa hiari vizuizi usivyovihitaji. Mkimbiaji wa mita 400 angeweza kukata katikati ya uwanja afike mwisho mapema. Anazunguka kwa sababu bila kuzunguka hakuna mbio. Suits haoni ujinga hapo. Anaona kwamba siku binadamu akitoshelezwa mahitaji yake yote, michezo ndiyo itakayombakishia jambo la kufanya. Kwa kipimo hicho, kaka anacheza, na kucheza ni kitu cha heshima.

Wahenga wetu hawangekubali haraka hivyo. Kazi mbi si mchezo mwema, walisema, yaani afadhali kazi mbaya kuliko mchezo mzuri. Nadhani hiyo methali inakumbuka watu ambao taabu unayoichezea wewe ndiyo kazi yao. Dereva wa matatu ya abiria 14 anayetoka Rongai saa kumi na moja alfajiri atakanyaga klachi hadi usiku, na nusu ya hiyo klachi ni ya jam ya Lang'ata Road. Goti lake la kushoto halina habari na Suits. Mwambie kuna jamaa analipa pesa ili aongezewe klachi, uone atakavyokuangalia.

Na mimi nina sababu zangu za kutoamini sifa za taabu. Niliacha kampasi mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Siku hizi naandika makala, nalipwa kwa kila moja, na kila nikisimulia habari hiyo kuna mtu huniambia nilikuwa jasiri kuchagua njia ngumu. Sikuchagua. Salio la karo ndilo lilichagua. Wanaonisifu hawana ubaya, lakini sifa yao inafuta tofauti ninayoijua mwilini. Taabu uliyoichagua unaweza kuiweka chini ukichoka. Ile uliyosukumiwa inalala nawe, inaamka nawe. Tunaambiwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ni kweli, lakini kuinama na kuinamishwa si kitu kimoja.

Wala ufundi peke yake haumfanyi mtu kuwa mwema. Wapenzi wa gia za mkono hupenda kusema dereva wa otomatiki amelala. Basi waende Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, mahali palipopata jina baya kwa ajali za malori. Moja ya sababu zilizotajwa kwa miaka mingi ni madereva kutoa gia kwenye mteremko na kuliachilia lori lijiendee, ili kuokoa dizeli. Hao hawakuwa wamelala. Walikuwa na gia mkononi, walijua wanachofanya, na wakathamini mafuta kuliko maisha ya waliokuwa mbele yao. Gia za mkono zinakupa nafasi ya kuamua, lakini hazikuambii umfikirie nani unapoamua.

Sasa otomatiki ni nini, ukiitazama kwa jicho hilo? Nimefikia kuamini kwamba urahisi ulio ndani ya mashine ni fikira za mtu zilizowekwa humo. Mahali fulani mtu alikaa chini akawaza kuhusu uchovu, haraka na usahaulifu wa mtu asiyemjua, kisha akaunda chuma cha kumsaidia. Ndiyo, alitaka pia kuuza. Lakini msaada uko pale, umuuzaji awe na nia gani.

Na kaka asidhani ukiondoa otomatiki unafika kwenye uendeshaji halisi. Gia zake za mkono zina sinkromeshi, vile vipete vinavyolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Cadillac ilianza kuviweka mwaka wa 1928. Kabla ya hapo dereva alikanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, na akikosea, giaboksi ilisaga meno kila mtu akasikia. Injini anayoiwasha kwa ufunguo, zamani iliwashwa kwa kuzungusha chuma mbele ya gari, na chuma hicho kikirudi nyuma ghafla kiliweza kukuvunja mkono. Starta ya umeme ilikuja na Cadillac za mwaka wa 1912. Ukibandua urahisi mmoja, chini yake unakuta mwingine, na nyuma ya kila mmoja kuna mtu aliyekufikiria.

Haya yote yalinikalia vizuri kichwani kwa sababu ya waya tu. Gari la otomatiki haliwaki mpaka gia iwe kwenye P au N. Kuna swichi kwenye giaboksi inayoizuia starta. Ukitoa giaboksi, swichi inaondoka nayo, na gari haliwaki kabisa mpaka mtu auunganishe huo mzunguko upya. Njia ya haraka ni kushikanisha waya mbili na kuzifunga tepu. Gari litawaka. Litawaka pia likiwa kwenye gia ya kwanza, siku mtoto akichezea ufunguo, na litaruka mbele. Njia ya pili ni kuweka swichi kwenye pedali ya klachi, ili starta isifanye kazi mpaka klachi ikanyagwe. Magari mengi ya siku hizi ya gia za mkono hutoka kiwandani hivyo.

Fundi aliuliza kama anauliza bei ya nyanya: "Boss, nishikanishe ama niweke swichi?"

Kaka ana watoto wawili. Mbele ya bei ya giaboksi, swichi ni pesa kidogo. Lakini ona kilichotokea hapo. Kiwanda kilikuwa kimeshamfikiria mtoto wa mtu, na hakuna aliyehitaji kujua. Kaka alipoiondoa kazi ya kiwanda, jukumu la kumfikiria huyo mtoto halikuisha. Lilihamia kwake. Hivyo ndivyo ninavyouelewa uhuru wa kubadilisha kitu kilichoundwa na wengine: unachukua mamlaka yao, na unachukua deni lao pia. Ukichukua la kwanza na kuacha la pili, umeshikanisha waya na kufunga tepu.

Na kuna shemeji. Leseni yake ni ya otomatiki pekee. Yeye ni muuguzi, kuna wiki anaingia zamu ya usiku, na hiyo Prado ndiyo humtoa Rongai saa ambazo hakuna mtu angependa kusimama stejini. Kaka alipokuwa akieleza mambo ya kujitawala barabarani, shemeji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa mimi nitafika kazini na nini?"

Sijasoma mwanafalsafa aliyeliweka swali vizuri kuliko hivyo. Rudi kwa Suits na yule mkimbiaji wake. Akichagua kuzunguka uwanja, huo ni mchezo. Akimfunga mwingine kamba miguuni wazunguke pamoja, si mchezo tena. Kwa kaka, klachi ilikuwa kizuizi cha hiari. Kwa shemeji ilikuwa mlango uliofungwa, na ufunguo anao mtu mwingine.

Kuna wenye kusema, si ajifunze tu, ni faida kwake, siku moja atahitaji kuendesha gari la mtu. Pengine. Na mimi niliambiwa kukosa karo kutanikomaza. Inawezekana kumenikomaza kweli. Lakini faida ya baadaye haimpi mtu ruhusa ya kukuamulia leo, hasa kama yeye ndiye anayepata raha na wewe ndiye unayepata mafunzo.

Walichokubaliana ni hiki. Otomatiki haitatoka mpaka shemeji apate leseni ya gia za mkono, kwa muda wake, na kaka ndiye mwalimu na ndiye mlipaji. Jumapili kadhaa walitumia pikapu ya jirani kwenye uwanja wa shule. Wiki hizo zote kaka aliendesha gari linaloteleza, polepole, akikwepa milima. Swichi ya klachi ikawekwa. Sasa Prado ina pedali tatu. Shemeji huiendesha vizuri, na ukimwuliza atakuambia bado angependelea otomatiki. Sioni kama hilo linaharibu kitu. Hakuhitajika kulipenda wazo la kaka. Alihitaji kuulizwa, kupewa muda, na gharama isimwangukie.

Naandika haya kwa sababu si magari tu. Rika letu limechoka na urahisi. Watu wanafuta app, wananunua kamera za filamu, wanarudi mashambani kulima bila dawa. Sina neno nao. Wengine nawaonea wivu. Lakini namjua jamaa aliyezima simu ili apate utulivu wa moyo, na sasa dadake ndiye hupokea jumbe za nyumba yote: michango ya mazishi, dawa za mama, karo ya wadogo. Utulivu wake ni wa kweli. Ila kazi aliyokuwa akifanyiwa na ile simu haikwisha, ilimwendea mtu, na huyo mtu hakuulizwa.

Kwa hivyo lile swali la mwanzo nimeligeuza. Siulizi tena kama ugumu wa hiari ni heshima ama wazimu. Nauliza huo urahisi unaotaka kuutoa ulikuwa unamsaidia nani mwingine, na ukishatoka, kazi yake itafanywa na nani. Kama itafanywa na wewe, na wenzako wameulizwa, toa otomatiki yako na ufurahie kila gia. Kama itamwangukia mtu mwingine, basi hiyo giaboksi bado si yako kuitoa, hata kama jina lako ndilo liko kwenye logibuku.