Ucheshi wa Babu na Deni la Kumbukumbu

Katika madeni ambayo walio hai wanadaiwa na wafu, lililo zito kulipa ni ukweli. Mali ya marehemu hugawanywa kwa sheria, na maiti yake husitiriwa kwa desturi. Lakini habari zake huachwa mikononi mwa wapendao kumsifu. Swali nitakalo kulichungua ni hili: mzee ambaye sifa yake kubwa ilikuwa furaha, asiye na cheo wala mali, akumbukwe kwa lipi, na kwa namna gani? Je, ucheshi ni wema unaostahili kuhesabiwa pamoja na ujasiri na haki, au ni kipaji tu, kama sauti nzuri, ambacho mwenye nacho hastahili kusifiwa kwacho?

Yafaa tulijibu kwa mfano. Tumtwae babu mmoja wa Buha, nchi ya vilima, migomba na mashamba ya maharage, huko Kasulu na Kibondo katika mkoa wa Kigoma. Hana jina humu, kwa sababu wenzake walikuwa wengi. Tuseme alizaliwa katika miaka ya 1920. Katika ujana wake alitoka kwao, kama vijana wengi wa Kiha, akaenda kukata mkonge Tanga, mahali ambapo mfanyakazi aliitwa manamba kwa kuwa namba yake ilijulikana kabla ya jina lake. Mwaka 1963 aliona utawala wa machifu ukikomeshwa katika Tanganyika nzima, na wa mamwami wa Buha pamoja nao. Katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 aliiacha nyumba yake akajenga upya kijijini. Mwaka huo huo, na tena mwaka 1993, aliwaona Warundi wakivuka mpaka kuyakimbia mauaji. Mzee wa namna hii akicheka, hacheki kwa kutoijua dunia.

Aristotle wa Uyunani, alipozipanga tabia njema katika kitabu chake cha maadili, hakuuacha ucheshi nje. Aliuweka katikati ya tabia mbili mbaya. Upande mmoja yupo mpuuzi, atakaye kicheko hata kikimwumiza mwenziwe. Upande wa pili yupo mkavu, asiyesema la kufurahisha na kuwachukia walisemao. Mcheshi wa kweli hujua la kusema, na mtu wa kumwambia. Kwa hiyo ucheshi huongozwa na busara. Na jambo liongozwalo na busara si kipaji kitupu. Laweza kutendwa vyema au vibaya, na mtendaji aweza kuulizwa juu yake.

Kwetu busara hiyo imewekewa kanuni, nayo ni utani. Utani una mipaka: nani amtanie nani, na nani asithubutu. Radcliffe-Brown, aliyeandika juu ya mahusiano haya mwaka 1940, aliona kuwa ndani yake mna urafiki na ushindani kwa pamoja, na kwamba ataniwaye hatakiwi kukasirika. Baba hamtanii mwanawe. Kazi yake ni kumwongoza, na heshima huweka nafasi baina yao. Babu amekwisha kuutua mzigo huo. Mjukuu wa kike humwita mke wangu, na wa kiume mshindani wangu. Kisha hulalamika mbele ya watu kuwa mke huyo hajui kusonga ugali wa muhogo. Mtoto hujibu kwa ulimi mkali, wala hapigwi. Hapo hujifunza jambo ambalo amri haiwezi kulifundisha: kwamba mkubwa aweza kupingwa bila ya kuchukiwa, na mdogo aweza kusema bila ya kutukana.

Hata hivyo, msifu na aulizwe: gharama ya furaha hiyo ilikuwa juu ya nani? Mzee aliyeketi jioni penye pombe ya ndizi akiwachekesha majirani, huenda alikuwa na mke aliyelima tangu alfajiri, akateka maji, akapika, na vicheko akavisikia kwa mbali. Kama kila furaha ya babu ilitua juu ya mgongo wa bibi, basi ucheshi wake ulikuwa mkopo usiolipwa. Tena aulizwe: alimcheka nani? Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Mkimbizi aliyefika Kibondo na mtoto mgongoni hakuhitaji mkalimani ili auelewe mzaha wa wenyeji. Mzaha ule ule uliweza kumkaribisha penye moto, au kumfukuza mara ya pili. Basi mzani wa ucheshi ni huu: mcheshi mwema huanza kujicheka mwenyewe, humtania yule awezaye kumjibu, na kicheko kikiisha hushika jembe pamoja na wengine.

Wapo watakaosema si adabu kumwuliza marehemu maswali kama haya. Desturi zetu zasema vingine. Katika makabila mengi ya Tanzania watani huja msibani, wakauiga mwendo wa marehemu na sauti yake, wakazitaja kasoro zake mbele ya wafiwa. Nao wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Hii si dharau. Ni kinga dhidi ya sifa zinazowafanya marehemu wote kuwa mtu mmoja: mpole, mcha Mungu, mchapa kazi. Risala inayomsifu babu mcheshi kwa maneno hayo humzika tena, maana mjukuu akiisikiliza hamwoni babu yake ndani yake.

Watawala wa Heru na Muhambwe wana nafasi yao katika historia ya Buha. Babu wa mfano wetu hana nafasi hiyo. Yeye huishi vinywani mwa waliomjua, na vinywa hivyo vina umri. Yampasa basi mjukuu aliyesoma aandike kwa uaminifu, na aviweke vichekesho vya babu na kazi ya bibi katika ukurasa mmoja. Akifanya hivyo hatapunguza upendo wake. Kumpenda mtu kwa kuwa hakuwa na kosa ni kumpenda mtu ambaye hakuwako.