Hatukuwa na Namba Yake

Siku moja ya mwaka 2019 mpwa wangu alimvisha mtoto nguo ya Idi, akamshika mkono, wakaenda mpaka geti la kambi ya jeshi kumtafuta baba wa mtoto. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Kambi ipi sisemi, maana Pwani yetu ina zaidi ya moja, na kosa la mtu mmoja si la kambi nzima. Askari wa zamu aliwapokea kwa adabu. Akauliza jina kamili la anayetafutwa, namba yake ya jeshi, na kikosi chake.

Mpwa wangu alikuwa na jina moja tu, lile la utani ambalo mtaa wetu mzima wa Likoni ulimwitia. Namba hakuwa nayo. Kikosi hakukijua.

"Dada yangu," yule askari akamwambia, "hata nikitaka kukusaidia, nitamwita nani? Mambo ya matunzo ya mtoto yapeleke ofisi ya watoto, au mahakamani."

Wakarudi. Nilikuwa nimeketi barazani walipofika. Hakulia wala hakunilaumu. Aliwasha jiko, akateleka karai la viazi vya jioni, kwa sababu viazi ndivyo vilivyokuwa vikimlisha mtoto. Naandika haya kwa ruhusa yake, na kwa sababu mimi, mjomba wake, ndiye niliyemshauri vibaya kwa miaka mingi. Kwetu neno la mjomba lina uzito, nami uzito huo niliutumia kumnyamazisha.

Mpwa wangu na baba wa mtoto walijuana mwaka 2013. Alikuwa kijana mtaratibu, akija kununua viazi jioni, akisalimia wakubwa kwa heshima. Tulimwita Afande, na jina hilo lilitutosha. Likoni ina kambi ya wanamaji pale Mtongwe, na wanajeshi tumezoea kuwaona tangu utotoni. Mwanajeshi kwetu ni mtu mwenye mshahara wa uhakika, mwenye nidhamu, mtu wa serikali. Tulimwamini kwa sababu ya gwanda. Hatukuuliza kwao ni wapi, mzee wake ni nani, wala kitambulisho chake kinasomaje. Hakuleta mshenga hata mimba ilipokuwa imeonekana. Alisema ataleta watu wake akipata likizo, nasi tukaihesabu likizo hiyo mwaka mzima.

Mtoto alizaliwa 2014. Kwenye kitabu cha kliniki nafasi ya baba ilibaki wazi. Mpwa wangu alipokwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa, aliambiwa kwamba kwa kuwa hawajaoana, baba lazima akubali mwenyewe jina lake liandikwe. Afande akasema atakwenda akitoka operesheni. Cheti kikatoka na alama za X pale palipopasa kuwa na jina la baba. Nakumbuka nilikishika mkononi nikasema, "Hizo ni karatasi tu, mwanangu. La muhimu ni kwamba mtoto anamjua." Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Pesa alikuwa akitoa, na haki yake nimpe. Elfu mbili, mara elfu tatu. Lakini alizitoa mkononi, au akienda kwa wakala anaziweka moja kwa moja kwenye simu ya mpwa wangu, hivi kwamba ujumbe ulioingia ulionyesha jina la wakala na si lake. Kwa miaka mitano hakuna shilingi hata moja iliyobeba jina lake. Huenda hakupanga iwe hivyo. Lakini mtu mzima aliyekuwa macho angeliona, nami nilikuwa mtu mzima.

Tena alimkataza kumpigia akiwa kazini. "Utaniponza," alisema. Sisi tukaelewa kuwa ndiyo sheria ya jeshi.

Ishara iliyopasa kutuamsha ilikuja Januari 2016. Jeshi letu lilikuwa Somalia tangu Oktoba 2011, na asubuhi ya tarehe 15 mwezi huo kambi yake ya El Adde ikashambuliwa. Afande alikuwa ametuambia yuko operesheni, bila kusema wapi. Simu yake haikupatikana. Mpwa wangu alikaa na redio siku baada ya siku, mtoto mgongoni, akisikiliza kila taarifa ya habari. Hakuwa na wa kumuuliza. Hakumjua mama yake, wala ndugu, wala rafiki wa kazini. Hakuwa kwenye orodha ya yeyote. Kama mtu huyo angekuwa amefariki, hakuna ambaye angekuja kubisha mlango wetu, na mtoto asingekuwa na njia ya kusema, "Huyu alikuwa baba yangu."

Baada ya wiki tatu akapiga simu, mzima, sauti ile ile. Tukamshukuru Mungu, na tulikuwa na haki ya kushukuru. Lakini baada ya kushukuru tulinyamaza. Hofu yote ile ilikuwa imetuonyesha wazi tulivyosimama mahali pasipo na sakafu, nasi tukaisahau mara tu tuliposikia "hujambo". Ndugu msomaji, ukipata siku kama hiyo ikapita salama, usiiache ipite bure. Wiki hiyo hiyo, wakati moyo wa mtu bado ni laini na yeye mwenyewe ameonja hatari, mwambie: twende tumwandikishe mtoto.

Mwaka 2018 dada yangu alisema waziwazi kwamba tumpeleke mahakamani. Mimi ndiye niliyepinga. Nilisema tukimshtaki tutamwaga unga wake, na unga ukimwagika mtoto atakula nini? Wazee wenzangu waliitikia. Mmoja akaongeza kwamba mtoto wa nje ya ndoa ni wa mamake, na kwamba hakuna sheria inayomlazimisha baba.

Mzee huyo hakusema uongo kwa makusudi. Alisema alichokulia nacho, kama nilivyokulia mimi. Kenya ilikuwa na sheria ya mwaka 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba matunzo, lakini Bunge liliifuta mwaka 1969. Hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilimwachia mama mzigo huo kwanza, baba akiingia kwa masharti. Kizazi kizima cha wazee wa Pwani kikazoea kuamini kuwa mambo ndivyo yalivyo.

Kumbe yalikuwa yamebadilika, na sisi hatukuuliza. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na mama na baba kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la. Mwaka 2013, ule ule waliojuana, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alivibatilisha vifungu vya sheria ya 2001 vilivyombagua mtoto wa nje ya ndoa. Mei 2016, miezi minne baada ya El Adde, jaji huyo huyo aliamua kwamba kile kifungu cha sheria ya uandikishaji kilichozaa alama zile za X kinakiuka Katiba. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya 2022, ikauweka wajibu wa wazazi wote wawili bila kujali ndoa. Yote haya yalitokea tukiwa tumekaa barazani tukimhimiza msichana awe na subira.

Na hofu yangu ya unga haikuwa na msingi. Anayedai matunzo haombi mwanajeshi afukuzwe. Anaomba sehemu ya mshahara imfikie mtoto, na mahakama ikishaamuru, pesa hizo zinaweza kukatwa kabla mshahara haujamfika mwenyewe. Mwanajeshi mwenye kazi ndiye mzazi rahisi zaidi kukatwa, kuliko mvuvi au mwendesha boda. Lakini kinachofungua njia hiyo ni amri ya mahakama. Mazungumzo ya getini hayaifungui, hata ukikutana na askari mwema kama yule wa mpwa wangu.

Kufikia mwaka 2019 Afande alikuwa amekwisha kuhamishwa. Ndiyo kawaida ya kazi yao: leo Pwani, kesho mpakani, keshokutwa hujui. Namba ya simu ikafa. Ndipo tukaenda getini, na mengine nimekwisha kuyaeleza.

Nimefuatilia habari za akina mama wa Nanyuki waliozaa na wanajeshi wa Uingereza wanaokuja huko kwa mazoezi. Wapo waliobaki na jina moja na picha iliyofifia, baba akiwa amerudi kwao ng'ambo. Mawakili, akiwemo James Netto wa Uingereza akishirikiana na Kelvin Kubai wa hapa Kenya, walikusanya vipimo vya DNA na kuvilinganisha na vile vya watu wanaosaka nasaba zao kwenye intaneti, mpaka baadhi ya baba wakajulikana na mahakama ya London ikathibitisha. Nilisoma nikatulia kimya. Baba wa mtoto wetu alikuwa akivuka feri ileile tunayovuka sisi, akila viazi vyetu, naye tukampoteza vilevile kama aliyepanda ndege kwenda Ulaya.

Kwa hiyo nakuomba, kama una binti, au mpwa, au wewe mwenyewe una mtoto na mtu wa jeshi: uliza jina la kitambulisho wakati bado mnacheka pamoja. Jua namba yake ya kazi na kikosi chake. Pesa zitoke kwenye simu yake ziingie kwenye yako, na ujumbe usiufute. Mkielewana, maelewano yaandikwe mbele ya afisa wa watoto, na kila mmoja atie sahihi. Mwanamume mwenye nia njema hataudhika. Na mjomba akikuambia usubiri, muulize kwa heshima: "Nisubiri mpaka lini, mjomba?" Mimi sikuulizwa hivyo, na sijui ningejibu nini.

Mwaka jana mpwa wangu alikwenda ofisi ya watoto, kisha mahakama ya watoto pale Tononoka. Jina kamili tulilipata kwa kijana aliyewahi kupanga naye chumba Changamwe. Namba ya jeshi bado tunaitafuta. Mtoto sasa ana miaka kumi na mmoja, na shuleni walipompa fomu ya kujaza, aliniletea mimi badala ya mamake. Aliniuliza pale kwenye nafasi ya baba aandike nini. Nilimwambia aandike lile jina tulilolipata, lote, herufi kwa herufi, nikamtajia polepole.