Sikio Lako na Sikio la Mwenzako

Huku kwetu Nyangwe, kijana akipenda gita haulizi ada ya shule ya muziki. Anatafuta gita la kuazima, anakaa kando ya mpigaji, anatazama vidole. Usiku anajaribu peke yake. Baada ya miezi wimbo unatoka, na watu wanasema, "Huyu amejifunza mwenyewe." Ni sifa kubwa, nami nawapenda vijana hao. Lakini naogopa sifa hiyo ikiwafanya waamini kwamba mwalimu hana kazi kwao.

Tuwatazame wakubwa wa gita la Kongo. Franco Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938, alianza utotoni na gita la kujitengenezea, la bati na waya. Hadithi hiyo tunaisimulia sana, tena kwa haki, kwa sababu inaonesha hamu isiyongoja pesa. Tunachosahau kusimulia ni kwamba mkubwa wake, Paul Ebengo Dewayon, alimpokea na kumwonesha. Nico Kasanda naye, yule aliyeitwa Docteur, alikuwa na kaka yake Dechaud nyumbani, mpigaji gita vilevile. Hawakuwa na cheti cha muziki mkononi, ila walikuwa na mtu karibu.

Hata Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili chetu, anatufundisha jambo hilo. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukasikika mbali sana. Kidole gumba kilishika nyuzi nzito, cha shahada kikaimba juu yake, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alifunga safari hadi Lubumbashi kutafuta wapigaji wa kizazi hicho na kujifunza kwao. Santuri zilikuwapo, lakini santuri hukupa sauti. Haikuoneshi mkono ulivyokaa, wala haikwambii umekosea wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Anayejifunza peke yake anapata ujasiri na sikio la kwake. Anatafuta sauti mpaka aipate, na aliyoipata kwa jasho haimpotei. Lakini kosa lake pia linakua pamoja naye. Kifundo cha mkono kikipinda vibaya, au mwendo ukikimbia kila afikapo mahali pagumu, yeye hasikii tena, kwa kuwa amelizoea. Waislamu wa Nyangwe na Kasongo wanalijua hilo tangu chuo cha Kurani: mtoto anaweza kurudia sura nyumbani usiku kucha, lakini lazima aje aisome mbele ya mwalimu, maana ulimi hauwezi kujisahihisha katika kosa usilolisikia.

Kwa hiyo sioni kwamba tuchague moja na kuacha lingine. Kujifunza mwenyewe ni mwanzo mzuri, tena kwa wengi wetu ndio mwanzo pekee. Leo simu nayo inasaidia pale mtandao unapofika: kijana anaweza kuwatazama wapigaji wa dunia nzima. Lakini simu haimsikii yeye. Anayehitajika ni mtu wa kusema, "Simama hapo. Rudia. Polepole."

Mtu huyo tunaye. Yuko kanisani akipigia kwaya, yuko kwenye bendi za harusi. Kijana, ukishaweza wimbo mmoja, mfuate, mwambie, "Yaya, nisikilize, unioneshe nilipokosea." Hakuna aibu kusahihishwa. Nawe mkubwa uliyejifunza kwa taabu, usimwambie mdogo ateseke kama ulivyoteseka wewe. Ulipotazama vidole vya wenzako walikuachia utazame, nao walikuwa walimu wako hata kama hawakuitwa hivyo. Deni lao unalilipa kwa mtoto anayekuja kukaa kando yako leo.