Mkono Unaobambuka Si Mkono Najisi

Masomo: Walawi 13:1-8, 38-39, Marko 1:40-42



Leo tunaanza kwa toba. Mtaani kwetu hapa kambini yuko mama mmoja Mbajuni, mzaliwa wa Ngumi, kisiwa kilicho kusini ya Kismayu. Vita vya 1991 vilimtoa baharini vikamleta kwenye vumbi hili pamoja nasi. Riziki yake ni kufulia watu nguo. Joto likizidi, viganja vyake hutoka vilengelenge vidogo visivyo na maji, kisha ngozi hubambuka kwa miviringo. Hupona, halafu hurudi tena.

Sisi tulifanya nini? Tulinong'ona kwamba ni ukoma. Kwenye foleni ya maji tulisogeza ndoo zetu. Waliompa nguo wakazichukua. Naye akaanza kutusalimu mikono ameificha ndani ya leso. Wengine tulisema, "Huyo ni Muislamu, si wa kwetu." Lakini Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa habari ya Msamaria.

Tusome Walawi 13. Kuhani hakuhukumu kwa uvumi. Alitazama mwenyewe, na penye shaka alingoja siku 7, akatazama tena. Mstari wa 39 unataja madoa ambayo mwenye nayo ni safi. Ikiwa Torati ilitenganisha ugonjwa na ugonjwa, sisi haraka hii tuliitoa wapi?

Dada mmoja wa kanisa alimsindikiza zahanati. Mganga alimtazama, akamwuliza maswali, akaeleza: si ukoma, wala haiambukizi. Ukoma huleta mabaka yasiyohisi mguso, na hata huo una dawa ya kuuponya. Hali ya mama huyu huchochewa na maji na sabuni kali. Afuapo avae glavu za mpira, na mikono aipake mafuta. Krimu yenye yurea husaidia. Inaweza kurudi, na ikirudi tusiseme ni laana. Upele na fangasi huambukiza. Kwa hiyo mwenye shida ya ngozi apimwe na mganga, si na majirani.

Yule wa Marko 1 alikuwa na ukoma, na Yesu alimgusa kabla hajatakasika. Sisi tulikataa kugusa hata mkono usio na ukoma.

Wazee wetu wawili walikwenda kumwomba radhi. Aliwapikia chai, akawaambia kwamba kwao Ngumi chumvi na kamba za mashua huharibu mikono ya wengi, na hakuna anayekataa kushikana. Walitoka wameinamisha vichwa.

Ndugu, wiki hii turudishe nguo tulizozichukua. Mwenye glavu au mafuta apeleke. Na tukikutana naye bombani, tutangulie sisi kunyosha mkono.

Bwana, tusamehe, utufundishe kutazama kabla ya kuhukumu. Amina.