Makisio ya Nyumba Ugenini

Mtu anayehama mtaa hubeba nyumba yake kichwani na mikononi. Anayehama nchi huiacha nyuma, kisha hutakiwa kuinunua upya. Kinu na mchi, kitanda cha kamba, sufuria iliyorithiwa kwa bibi, mkeka wa kupokelea wageni, vitu hivi vilikusanyika kidogo kidogo kwa miaka, wala hakuna aliyekaa chini kupiga jumla ya thamani yake. Ugenini vyote hutakiwa kwa juma moja. Hapo mwenye nyumba, yamkini kwa mara ya kwanza maishani mwake, hulazimika kushika kalamu na kujiuliza nyumba ni nini na inagharimu kiasi gani. Swali la pili ni la hesabu. La kwanza ni la falsafa, na ni taabu kulijibu la pili kabla ya hilo.

Mfano ulio karibu na wasemao Kiswahili ni wa wakimbizi wa Kongo waliohamishiwa Marekani. Wengi wao walitoka Kivu ya Kusini, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Humo walizaliwa watoto ambao hawakupata kuiona nchi ya wazazi wao, na Kiswahili kikawa lugha ya uani na ya sokoni. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Marekani ilipokea Wakongo zaidi ya 16,000, idadi iliyopita ya wakimbizi wa taifa jingine lolote mwaka huo. Mnamo Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri ya rais, na safari za watu waliokwisha funga mizigo zikakatika. Waliofika kabla ya hapo wamebaki na nyumba zao, na hesabu zao.

Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilikuwa imeongeza msaada wa mapokezi kutoka dola 900 hadi dola 1,800 kwa kila mkimbizi. Fedha hizo hazikutiwa zote mkononi mwake. Zilipewa shirika la kumpokea, nalo lilitakiwa kutumia zisizopungua dola 1,100 kwa mahitaji yake hasa katika siku 90 za kwanza. Zilizosalia zilikuwa za kuendeshea kazi. Pamoja na fedha kulikuwa na orodha ya vyombo ambavyo kila nyumba ya mkimbizi sharti iwe navyo. Orodha ilitaja kitanda na godoro kwa kila mtu, isipokuwa mume na mke, au watoto wadogo wanaoweza kulala pamoja. Meza ya kulia na kiti kimoja kwa kila mtu. Kochi na taa. Sahani moja, bakuli moja, kikombe kimoja, na kijiko, uma na kisu kwa kila mtu. Sufuria, kikaango na chombo cha kuokea. Kifaa cha kufungulia makopo. Taulo moja kwa kila mtu. Shuka na blanketi. Na saa ya kuamshia. Saa hiyo yastahili kuangaliwa kidogo, kwani ni chombo pekee katika orodha kinachomwambia mgeni waziwazi kwamba atatakiwa kwenda kazini mapema.

Orodha ile si ya kudharauliwa. Iliandikwa ili asipatikane wakala mvivu wa kumlaza mtoto sakafuni na kusema kwamba kazi imekwisha. Kila sahani iliyotajwa ni ngao ya mnyonge, maana kilichoandikwa huweza kudaiwa. Lakini mwandishi wa orodha yoyote ya namna hiyo huwa ana picha ya nyumba akilini mwake, na picha hii ilikuwa ya nyumba ambamo watu huhesabiwa mmoja mmoja. Watu sita, sahani sita, viti sita. Katika nyumba ambayo familia iliiacha, watu sita walikula katika sinia moja. Ugali ulisongwa katika sufuria kubwa kwa mwiko mrefu. Na idadi ya walaji haikujulikana mpaka chakula kilipotengwa, kwa sababu jirani, au mtoto wa jirani, au msafiri, aliweza kutokea. Sinia haimo katika orodha.  Sufuria zinazoletwa kwa kawaida ni za kupikia watu wanne wanaokula kwa adabu ya vijiko. Zaidi ya hayo, mgeni hana kiti. Familia imepewa vitu ambavyo haikuvitaka, ikanyimwa kile ambacho pasipo hicho mama wa nyumba huona haya kufungua mlango.

Je, haya ya mama ni haja au ni anasa? Wenye busara ya haraka watasema ni anasa: ugali huweza kupikwa mara mbili katika sufuria ndogo, na mgeni huweza kuketi juu ya kochi. Adam Smith, ambaye hakuwa mtu wa kupenda ubadhirifu, aliliona jambo hili kwa namna nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1776 juu ya utajiri wa mataifa alieleza kwamba vitu vya lazima havikomei kwenye vile vinavyozuia kifo tu. Humo huingia pia kila kitu ambacho desturi ya nchi imekifanya kiwe aibu kwa mtu mwadilifu, hata aliye wa daraja la chini, kukikosa. Mfano wake ulikuwa shati la kitani: Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila ya kitani, lakini kibarua wa Ulaya wa zama zake angeona haya kuonekana hadharani bila shati hilo. Kipimo hiki ni chema, ila kinamwacha mhamiaji katika shaka, kwa kuwa Smith alimfikiria mtu mwenye desturi moja. Mhamiaji ana mbili. Nchi mpya inamwonea haya asipokuwa na viatu vya baridi kwa mtoto wa shule. Nchi ya zamani inamwonea haya asipokuwa na chakula cha mgeni. Fungu la fedha ni moja, na kila desturi hudai kana kwamba iko peke yake.

Ukubwa wa fungu hilo hauachi nafasi ya majivuno. Familia ya watu sita, kwa kiwango cha mwaka 2010, ilikuwa na dola 6,600. Ikikisiwa kwamba kodi ya nyumba ni dola 900 kwa mwezi, na kwamba mwenye nyumba anataka amana ya mwezi mmoja, kodi ya miezi mitatu pamoja na amana itakula 3,600. Zimebaki 3,000. Vitanda, magodoro, meza na vyombo, hata vikichanganywa na vya sadaka, vikichukua 1,800, na makoti na viatu vya baridi 600, zitabaki 600 kwa umeme na nauli za basi kwa siku 90. Chakula kilipatikana kwa msaada mwingine wa serikali. Hesabu imelingana, wala haina shilingi moja ya kosa. Dawa isiyo katika bima, daftari la shule, siku ambayo basi limepita na kazi mpya iko mbali, haya yote yanapaswa kutokea baada ya siku ya tisini.

Kisha kuna nauli ya ndege. Wakimbizi waliokwenda Marekani hawakusafirishwa bure. Watu wazima walitia sahihi hati ya mkopo kabla ya kupanda ndege. Mkopo haukuwa na riba, na malipo yalianza miezi sita baada ya kufika. Tena ikikisiwa, nauli ikiwa dola 1,200 kwa kila mtu, familia ile ile ya watu sita itadaiwa 7,200, yaani zaidi ya zile 6,600 ilizopokelewa nazo. Na ikilipa dola 180 kila mwezi, itamaliza kwa miezi 40. Ukopeshaji huu una watetezi waaminifu. Husema kwamba fedha zinazorudi humsafirisha mkimbizi mwingine, na kwamba mtu aliyelipia safari yake hasimami mbele ya wenyeji kama ombaomba. Neno hili lina uzito. Hata hivyo sahihi ya mtu ambaye njia nyingine aliyo nayo ni kubaki kambini haifanani na sahihi ya mfanyabiashara. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa hata kukopa hakukuwa harusi. Kanada, ambayo nayo hukopesha nauli kwa wakimbizi, ilikuwa ikitoza riba mpaka ilipoifuta mwaka 2018. Yaelekea iliona kwamba faida juu ya msiba wa mtu haina jina zuri.

Yote hayo bado ni mepesi. Zito ni lile ambalo halimo katika orodha ya vyombo wala katika hati ya mkopo: ndugu waliobaki. Familia ya watu sita katika karatasi za kiwanja cha ndege aghalabu ni sehemu tu ya familia. Bibi amebaki Nyarugusu, pamoja na shangazi na watoto wake, na kaka ambaye faili lake halikusogea. Mwaka 2023 posho ya chakula katika kambi za Tanzania ilipunguzwa hadi nusu kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Simu hulia usiku, kwa kuwa huku ni usiku na huko ni mchana. Anayepiga hasemi njaa moja kwa moja. Huuliza hali za watoto, huuliza kama baridi imezidi, hunyamaza kidogo. Anayepokea anajua maana ya unyamavu ule, na juu ya meza yake iko dola 50 iliyowekwa kwa ajili ya godoro la mtoto wa nne.

Afanye nini? Liko jibu la karani: mtu hawezi kutoa asicho nacho, asimamishe nyumba kwanza, na baada ya mwaka atakuwa na uwezo wa kusaidia kwa wingi. Liko na jibu la ukoo: mtoto anayelala juu ya blanketi sakafuni katika nyumba yenye joto hajafa, na bibi asiyekula anaweza kufa, fedha iende. Kila jibu ni la haki mahali lilipozaliwa. La karani husahau kwamba mwaka ni mrefu kwa mwenye njaa. La ukoo husahau kwamba kodi isipolipwa familia hutupwa nje, na aliyetupwa nje hatuma kitu tena kwa yeyote. Mtu mwadilifu husukumwa huku na huku kati ya haya mawili, na kwa kuwa hawezi kuchagua, mara nyingi hufanya lililo baya kuliko yote mawili: hutuma kwa siri.

Siri hii ndiyo ugonjwa wa makisio ya ugenini. Mume hutuma kwa upande wake bila mke kujua. Mke naye hupunguza katika fedha ya chakula akatuma kwa mama yake. Hesabu iliyokubaliwa jioni mezani ikawa uongo kabla ya mapambazuko. Mwisho wa mwezi kodi hupungua, na kila mmoja hushangaa kwa sauti kubwa. Kwa upande wa pili wa bahari iko siri nyingine. Aliyehama haelezi mshahara wake, wala kodi yake, wala deni la ndege, kwa kuwa anaona haya kukiri kwamba amefika katika nchi ya utajiri akiwa mdaiwa. Hutuma picha akiwa amesimama karibu na gari la mtu. Walioko kambini, wakiiona picha na kupokea dola 30, hufanya hesabu yao wenyewe, nao hawalaumiki. Kwa ushahidi waliopewa, ndugu yao amekuwa bahili. Udugu uliovumilia vita na ziwa na miaka ishirini ya turubai hufa kwa tarakimu ambazo hazikusemwa.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mwenye makisio ni kuyafungua. Kabla ya kuamua kama fungu la ndugu liwe dola 20 au 50 au lisiwepo kabisa mwezi huo, fungu hilo liandikwe kwa jina lake, katika karatasi ile ile yenye kodi na umeme, mbele ya mume na mke. Kisha karatasi isomwe kwa wale wanaolitegemea. Yuko atakayepinga kwamba aliye kambini hawezi kuamini. Dola 900 za kodi, akizigeuza kuwa shilingi, ataona ni mali ya kununulia shamba, na maelezo yote yatasikika kama visingizio. Pingamizi hili ni kweli kwa siku ya kwanza. Lakini watu walioishi kwa kugawiwa unga kwa kipimo, na kuuza sehemu ya unga ili wapate chumvi, si wageni wa hesabu. Wamepiga makisio magumu kuliko ya karani yeyote wa Marekani. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akieleza mpango wa pili wa maendeleo ya Tanzania, alisema kwamba kupanga ni kuchagua. Taifa likichagua huwaeleza wananchi kwa nini barabara hii imetangulia na ile imengoja. Ndugu naye ana haki ya kuelezwa kwa nini godoro limetangulia.

Katika kuelezwa huko kuna hatari ambayo haifai kufichwa. Aliyesikia hesabu anaweza kuitumia. Anaweza kusema: hilo kochi ni la nini? Na mara nyingine atakuwa amesema kweli. Yamkini kochi litarudishwa dukani kwa vitu vya mitumba, na badala yake itanunuliwa sufuria kubwa na sahani ya saba. Yamkini litabaki, kwa sababu mtoto wa kwanza hulala juu yake. Mkubwa wa ukoo, akiwa amesomewa tarakimu zote kwa simu yenye sauti ya kukatika, yamkini atakaa kimya kwa muda, kisha aulize tu, hiyo saa ya kuamshia inalia saa ngapi. Na akiambiwa kwamba inalia saa kumi alfajiri, na kwamba baba na mama huondoka kwa zamu ili watoto wasibaki peke yao, atasema basi mwezi huu lipeni kodi, mwezi ujao mtukumbuke.