Kaseja na deni letu kwa makipa

Katika viwanja vya vumbi vya Dodoma, Chang'ombe mpaka Nkuhungu, hakuna mtoto anayegombania kuwa kipa. Timu zikishagawanywa, asiyejua kupiga chenga, au aliye mdogo kuliko wenzake, ndiye anayesukumwa kwenda kusimama kati ya mawe mawili. Akidaka, mpira unaendelea. Akifungwa, wanaomzomea ni wa timu yake.

Kila ninapowaona watoto hao namkumbuka kipa Juma Kaseja. Mwaka 2003, naye bado kijana mdogo, alisimama langoni mwa Simba jijini Cairo mbele ya Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Simba walishinda 1-0 Dar es Salaam, wakafungwa 1-0 ugenini, mambo yakaishia kwenye penalti. Kaseja akapangua, Zamalek wakatolewa. Akarithi jina la Tanzania One, ambalo kabla yake aliitwa Mohamed Mwameja.

Sijaona mchezaji wa nchi hii aliyependwa na kulaumiwa kiasi kile, tena na watu wale wale. Chini ya kocha Marcio Maximo, timu ya taifa, Taifa Stars, ilikwenda kwenye michuano ya CHAN ya 2009 bila yeye, na vijiweni watu wakabishana mpaka sauti zikawakauka. Mei 2012, Simba walipoifunga Yanga 5-0, kipa huyo alitoka langoni kwake akaenda kupiga penalti na kufunga. Mwaka uliofuata Simba hawakumwongezea mkataba. Akajiunga na watani wao Yanga, na Desemba 2013 Simba wakashinda 3-1 kwenye mechi ya Nani Mtani Jembe. Lawama zikamwangukia yeye. Watu walisahau Cairo kwa jioni moja, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwangu mimi ukubwa wa Kaseja uko kwenye miaka iliyofuata. Alicheza Mbeya City, Kagera Sugar na KMC, timu zisizo na ukubwa wa Simba na Yanga, naye akaendelea kujitunza na kufanya mazoezi kama kipa anayetarajia kuitwa kesho. Na kweli akaitwa. Mwaka 2019, umri umeshavuka miaka 30, alirudi Taifa Stars. Agosti, jijini Nairobi, Kenya ikatolewa kwa penalti katika kuwania CHAN. Septemba, Dar es Salaam, Burundi nayo ikatolewa kwa penalti katika kuwania Kombe la Dunia la 2022. Mikwaju iliisha 3-0, Warundi hawakupata hata mmoja. Uwanja mzima uliimba jina lake. Heshima hiyo hakupewa kwa huruma, aliifanyia kazi wakati hakuna aliyekuwa akimtazama.

Baada ya kuvua glovu aliingia kwenye ukocha na kufundisha makipa, kazi ambayo Juma Pondamali naye aliifanya baada ya kulinda lango la taifa enzi zake. Hapa kwetu, timu ya Dodoma Jiji iko Ligi Kuu tangu msimu wa 2020/21, lakini watoto wengi wanaokaa langoni mitaani hawajawahi kufundishwa na mtu hata namna ya kuanguka bila kuumia. Viongozi wa soka wa mkoa, waiteni makipa wastaafu waje Uwanja wa Jamhuri wawanoe hawa vijana, na muwalipe inavyostahili. Nawe msomaji, ukipita uwanjani jioni ukakuta mtoto amefungwa na wenzake wanamzomea, simama umpe moyo.