Kiongozi Anapoondolewa Kitini

Soma 1 Samweli 8:4–9 na 12:1–5, 19–25. Watu walipomkataa Samweli, alifanya nini na huduma yake?

Wazee wa Israeli walimwendea Samweli kule Rama wakiwa na hoja mbili: yeye amezeeka, na wanawe hawaendi katika njia zake. Hoja zote mbili zilikuwa za kweli, na ndiyo maana ziliuma. Bwana alimfariji kwamba aliyekataliwa hasa si yeye bali ni Mungu mwenyewe. Hata hivyo mzee huyu alipaswa kuchukua chupa ya mafuta na kumpaka mtu wa kukaa mahali pake. Akampaka. Kisha akasimama mbele ya taifa zima na kutaka yeyote aliyenyang'anywa ng'ombe au punda aseme. Hakuna aliyekuwa na la kusema. Ndipo, katika fungu la 23, akawaambia kwamba kuacha kuwaombea kungekuwa dhambi kwake mbele za Bwana.

Tukae na fungu hilo. Kila kamati ya uchaguzi inapomaliza kazi yake na majina kusomwa, kuna mzee wa kanisa, shemasi au kiongozi wa idara ambaye jina lake halimo. Wengine hupokea kwa amani. Lakini darasa lako linamjua yule ambaye Sabato iliyofuata hakuonekana, na alipoonekana alikaa benchi la nyuma kama mgeni, na zaka yake ikapotea pamoja na cheo.

Historia ya Marekani ina mfano unaotusaidia. Jimmy Carter, mkulima wa karanga kutoka kijiji cha Plains, jimbo la Georgia, alikuwa rais kuanzia mwaka 1977 hadi 1981. Hatumtaji kwa sababu ya siasa zake, na wala hakuwa Mwadventista. Alikuwa Mbaptisti aliyefundisha Biblia siku ya Jumapili. Tunamtaja kwa sababu alishindwa, tena vibaya. Katika uchaguzi wa Novemba 1980 alipata majimbo 6 tu kati ya 50. Wamarekani 52 walikuwa mateka huko Iran, naye akakesha hadi siku yake ya mwisho ofisini akishughulikia kuachiliwa kwao. Waliachiliwa Januari 20, 1981, baada ya siku 444, dakika chache tu baada ya mwingine kuapishwa. Alilima, mwingine akavuna. Akarudi Plains akiwa na umri wa miaka 56, na biashara yake ya karanga ilikuwa na deni linalozidi dola milioni moja.

Mkewe, Rosalynn, aliumia kuliko yeye. Katika kitabu walichoandika pamoja mwaka 1987 hawakuficha jambo hilo. Wakati mume alikuwa amekwisha kuyapokea yaliyotokea, mke bado alikuwa na uchungu. Tusipite hapa haraka. Kiongozi anapoondolewa, nyumba nzima huondolewa. Mke wa mchungaji aliyehamishwa, au mke wa mzee ambaye hakurudishwa, hana kamati ya kumpa shukrani wala pole, na mara nyingi ndiye anayesikia maneno ya watu kisimani na sokoni. Rosalynn alikuwa pia na msiba wake mwenyewe: sheria ya kuwahudumia wagonjwa wa akili, aliyoihangaikia miaka yote ya Ikulu, ilitiwa sahihi Oktoba 1980, na mwaka uliofuata sehemu yake kubwa ikafutwa. Hakuacha. Aliendelea kuwatetea wagonjwa hao kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1982 wawili hao walianzisha Kituo cha Carter mjini Atlanta. Mojawapo ya kazi walizochagua haina utukufu wowote: mnyoo wa Guinea. Mtu huupata kwa kunywa maji machafu ya madimbwi, na baada ya mwaka hivi mnyoo hutoka kwenye ngozi, mara nyingi mguuni, kwa maumivu makali. Hauna chanjo wala dawa. Kinachouzuia ni kitambaa cha kuchujia maji na mtu wa kwenda kijiji kwa kijiji akifundisha. Mwaka 1986 waliougua walikadiriwa kuwa milioni 3.5, mwaka 2023 hawakufika 20 dunia nzima. Jirani zetu wa Uganda walithibitishwa kuwa huru mwaka 2009, Kenya mwaka 2018. Hakuna hata mmoja wa waliopona kuugua ambaye angeweza kumpigia Carter kura.

Na kanisani kwao? Aliyekuwa rais alichonga sahani za mbao za kukusanyia sadaka, akaendelea kufundisha darasa lake la Biblia hata alipopita miaka 90. Rosalynn alifariki Novemba 2023, naye akamfuata Desemba 2024, akiwa na miaka 100.

Sasa mlinganishe Samweli na Sauli katika 1 Samweli 15:30. Sauli ameambiwa ufalme umeondolewa kwake, amekiri dhambi, lakini ombi lake ni moja: apewe heshima mbele ya wazee wa watu. Alibaki kitini miaka mingi baada ya hapo, na miaka hiyo aliitumia kumwinda Daudi milimani.

Maswali ya kujadili

1. Samweli aliendelea kumlilia Sauli (1 Samweli 15:35, 16:1). Je, unaweza kumwombea kwa moyo mweupe aliyechukua nafasi yako? Ni nini kinachozuia?

2. Hoja za wazee dhidi ya wana wa Samweli zilikuwa za kweli. Kiongozi apokeeje lawama ambayo ni ya haki, lakini imesemwa na watu wenye nia isiyo safi?

3. Ni nani katika kanisa lenu aliyeachwa katika uchaguzi uliopita na sasa haonekani? Darasa lichague watu wawili wa kumtembelea yeye na mwenzi wake kabla ya Sabato ijayo.